Kadi inatambulika lakini S/PDIF haitoi kitu: anza kuuliza saa ni ya nani

Ndugu msomaji, nalifupisha swali lako ili wengine nao wafuate. Una deki ya DAT, yaani ya kanda ndogo za sauti ya dijitali, yenye matundu mawili ya kutoa sauti ya dijitali, la optiki (kebo ya mwanga) na la koaksia (kebo ya umeme), na kanda ambazo baadhi zilirekodiwa kwa 48 kHz (vipimo vya sauti, au sampuli, 48,000 kwa sekunde) na nyingine kwa 44.1 kHz. Umenunua kadi ya USB ambayo boksi lake linasema inakubali Linux. Maikrofoni inarekodi vizuri, spika zinalia, lakini tundu la S/PDIF, mfumo wa kupitisha sauti ya dijitali kati ya vifaa, lilikupa kimya kitupu. Baada ya kuhangaika na mipangilio ukapata sauti yenye “tik” kila mara, kisha kanda moja ikatoka mwimbaji akiimba kwa haraka na kwa sauti nyembamba kuliko alivyo. Una pia kompyuta ya pili yenye FreeBSD, mfumo endeshi mwingine wa familia ya Unix. Unauliza kadi ipi hasa inafaa kwa mifumo hii miwili, na utajuaje kabla ya kutoa pesa.

Nianze na dalili zako, kwa sababu zimeshatuambia karibu kila kitu. Kimya, tik na mwendo wa haraka ni matatizo matatu tofauti, na mawili kati yake yanatoka mahali pamoja: saa ya kadi.

Kila kifaa cha sauti ya dijitali kina saa ndani yake, kipande cha kristali kinachohesabu sampuli zinavyopita. Unaporekodi kwa maikrofoni, saa iliyopo ni moja tu, ya kadi yenyewe, na hakuna wa kubishana nayo. Unapopokea S/PDIF mambo yanabadilika. Deki ndiyo inayoamua sampuli zinatoka lini, na hata saa yake imo ndani ya mawimbi yale yale yanayobeba sauti. Kadi inatakiwa iisome saa hiyo, iache ya kwake, na iifuate. Isipofanya hivyo, saa mbili zinaenda sambamba kama wapiga ngoma wawili wasiosikilizana: wanaanza pamoja, na baada ya muda mmoja ametangulia.

Tuseme zote zimeandikwa 48 kHz, lakini zinatofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, tofauti ya kawaida kabisa kwa kristali za bei nafuu. Sampuli 48,000 kwa sekunde mara sehemu 50 kwa milioni ni sampuli 2.4. Maana yake ni kwamba kila sekunde kuna sampuli mbili au tatu ambazo kadi inalazimika kuziruka au kuzirudia. Hizo ndizo tik zako. Kuongeza bafa (akiba ya muda ya sampuli) hakusaidii, kubadilisha kebo hakusaidii, na kununua kompyuta yenye nguvu zaidi hakusaidii.

Ile kanda ya mwendo wa haraka ni kinyume chake, na kwa kweli ni habari njema. Mara ile kadi ilikuwa imeshaifuata saa ya deki sawasawa. Kanda ilikuwa ya 44.1 kHz, sampuli zikaingia zote bila kupungua, lakini programu ikaandika kwenye kichwa cha faili kwamba ni 48 kHz. Ukicheza sampuli 44,100 kwa mwendo wa 48,000, kanda ya dakika 60 inaisha kwa dakika 55 na sekunde 7 hivi, na sauti inapanda karibu nusu-toni moja na nusu. Hakuna kilichoharibika ndani ya faili hilo, kwa hiyo usilifute wala usirekodi upya. Amri hii ya sox, programu ya kuhariri sauti, inasahihisha kichwa tu na haigusi sampuli:

sox -r 44100 haraka.wav sahihi.wav

Sasa tuje kwenye kimya. Kimya kina sababu nyingi, na nyingine ni za mikono tu, hivyo tuanzie kwenye matundu. Tundu la optiki linalotoa sauti huwaka mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho. Tazama tundu la kadi yako: likiwaka, hilo ni la kutoa na umeunganisha matokeo kwa matokeo. Kompyuta nyingi zenye tundu la optiki kwenye bodi kuu zina la kutoa peke yake. Kuna pia mtego wa ADAT. Ni mfumo unaopitisha chaneli 8 kwa kebo ile ile ya optiki na kwa tundu lenye umbo lile lile, lakini lugha yake ni nyingine kabisa. Kadi nyingi zina tundu moja la optiki linalobadilishwa kati ya ADAT na S/PDIF kwa programu, na zinapotoka kiwandani mara nyingi huwa upande wa ADAT. Ukilisha S/PDIF kwenye tundu lililopangwa ADAT, hutapata kitu. Kwa koaksia, waya wa njano wa video ya zamani unafaa, kwa kuwa ni wa ohmu 75 kama S/PDIF inavyotaka.

Ukiwa na deki ya kitaalamu yenye tundu la XLR, hiyo ni AES3, mfumo wa kitaalamu wa sauti ya dijitali. Data yake inafanana sana na ya S/PDIF, lakini umeme wake ni wa volti kadhaa huku S/PDIF ya koaksia ikitumia nusu volti tu. Usiunganishe moja kwa moja bila kigeuzi kati yake. Vivyo hivyo, pini za S/PDIF zilizo juu ya bodi kuu hutumia kiwango cha volti 5 cha mantiki, kwa hiyo koaksia ikichomekwa hapo bila kipande cha kati haisikiki.

Sababu ya pili ya kimya, na kwa kadi ya USB ndiyo ninayoishuku zaidi kwako, ni chaneli. Kadi yenye maikrofoni mbili na S/PDIF mara nyingi haionekani kwenye Linux kama vifaa viwili. Inaonekana kama kifaa kimoja chenye chaneli nne, ambapo 1 na 2 ni analogi, 3 na 4 ni dijitali. Programu ya kawaida inafungua chaneli mbili za kwanza na kukurekodia maikrofoni zisizo na mtu. Tazama kadi inajieleza vipi:

cat /proc/asound/cards
arecord -l
cat /proc/asound/card1/stream0

Namba ya kadi ibadilishe kulingana na yako. Faili la stream0 linastahili kusomwa polepole. Litakuonyesha upande wa kurekodi una chaneli ngapi, miundo gani ya biti, na kasi zipi za sampuli. Ukikuta sehemu ya Capture inasema Channels: 4, basi rekodi zote nne kisha utoe mbili unazozitaka:

arecord -D hw:1,0 -f S32_LE -r 48000 -c 4 yote.wav
sox yote.wav kanda.wav remix 3 4

Naomba uzingatie hw katika amri ile. ALSA, mfumo wa sauti wa Linux ambao arecord inautumia, ina njia mbili zinazofanana kwa jina, hw na plughw. Ya pili ni ya huruma: ukiiomba kasi au muundo ambao kadi haina, inageuza kimyakimya na kukupa. Kwa kusikiliza muziki ni jambo jema. Kwa kuhamisha kanda usiikubali, maana inaficha kile kile unachokitafuta. hw ikikataa, inakataa waziwazi, na kukataa kwake ni jibu. Ongeza --dump-hw-params kwenye arecord na itakuorodheshea kila kinachokubaliwa na kadi.

Sababu ya tatu ni seva ya sauti, programu inayosimama kati ya kadi na programu zako nyingine. PipeWire, ambayo siku hizi ndiyo inayokuja na matoleo mengi ya Linux, hufanya kazi kwa 48 kHz isipoambiwa vingine. Ukirekodi kupitia kwake kanda ya 44.1 kHz, moja ya mambo mawili hutokea. Kadi ikijua kwamba inapokea 44.1, seva inageuza kila sampuli iwe ya 48. Kadi isipojua, unapata ule mwendo wa haraka. Kwa kazi hii seva ikae pembeni. Angalia nani ameishika kadi:

fuser -v /dev/snd/*

kisha iachilie kadi hiyo pekee kwa kuiwekea wasifu wa off, ama kwenye dirisha la pavucontrol ama kwa pactl set-card-profile. Ukipenda kubaki ndani ya PipeWire, chagua wasifu wa Pro Audio ili chaneli zote zionekane bila kuchanganywa, na uweke default.clock.allowed-rates iwe na 44100 na 48000. Binafsi nashikilia arecord kwenye hw. Kanda ya zamani inaweza isikubali kuchezwa tena vizuri, na sitaki kitu chochote kisicho cha lazima kati ya deki na diski.

Turudi kwenye saa, maana hapo ndipo kadi nzuri na mbaya hutengana. Amri ni hii:

amixer -c1 contents

Itamwaga orodha ndefu ya vidhibiti. Tafuta maneno IEC958, Clock, Sync au Source. IEC 60958 ni jina la kiwango cha kimataifa kinachoieleza S/PDIF, ndiyo maana ALSA huiita IEC958 na watu wengi huipita bila kuitambua. Kwenye kadi za USB za daraja la pili la sauti, zile za UAC2, kadi ikitangaza kwamba ina saa zaidi ya moja utaona kidhibiti chenye maneno Clock Source, na pembeni yake kingine chenye neno Validity. Hicho cha pili kinakuambia kama saa ya nje inafika au haifiki. Chagua saa ya S/PDIF, washa deki, cheza kanda, kisha uangalie Validity imegeuka kuwa on. Ukijaribu kurekodi kabla saa haijafika, dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, kiini cha mfumo) itaandika kwamba clock source fulani is not valid, cannot use. Ujumbe huo watu wengi huuchukulia kama ubovu wa draiva, programu inayoiendesha kadi. Kwa kweli draiva inasema ukweli: hakuna ishara kwenye tundu.

Deki nyingi za DAT hutoa ishara hata zikiwa zimesimama, lakini baadhi hubadilisha kasi pale tu kanda inapoanza kusoma. Kwa hiyo icheze kanda kwanza, subiri sekunde chache, ndipo ufungue kifaa kwa arecord kwa kasi ya kanda hiyo. Kanda yenye vipande vya 48 na vya 44.1 irekodi kwa vipande. Hakuna kichwa cha WAV kinachoweza kubeba kasi mbili.

Kama kwenye orodha ya amixer hakuna kidhibiti chochote cha saa, yapo mambo matatu yanayowezekana. Kadi inaweza kuwa na kitufe chake chenyewe cha kuchagua saa, na hapo huna shida. Inaweza kuwa inafuata S/PDIF yenyewe kila ishara inapofika. Au chaguo la saa limo kwenye programu ya mtengenezaji ambayo inaendeshwa kwenye Windows na macOS tu. Kadi ya aina hii ya tatu boksi lake linaweza kuandikwa “Linux” bila kudanganya, kwa sababu sauti inaingia na kutoka. Ila kwa kazi yako haifai, isipokuwa kama inakumbuka chaguo lake hata ikizimwa. Baadhi hukumbuka: unaipanga mara moja kwenye kompyuta nyingine, unaihamishia kwenye Linux, na inabaki hivyo.

Kuna aina ya nne ambayo lazima niitaje kwa haki. Baadhi ya kadi huweka kigeuzi cha kasi mlangoni mwa S/PDIF. Kigeuzi hicho kinapokea sampuli kwa saa ya deki na kuzihesabu upya kwa saa ya kadi. Hakuna tik, hakuna mwendo wa haraka, kila kitu kinaenda chenyewe, na sikio haliwezi kulalamika. Lakini namba zinazofika kwenye diski si zile zilizoko kwenye kanda. Kwa matangazo ya moja kwa moja ningeichagua bila kusita. Kwa kuhifadhi kanda ambazo nakala yake ni hiyo moja, ningeikwepa.

Kadi za zamani za familia ya Sound Blaster Live! zina tabia inayokaribiana na hiyo kwa sababu nyingine: chipu yake ya EMU10K1 hufanya kila kitu kwa 48 kHz ndani, hivyo kanda ya 44.1 inageuzwa hata kabla Linux haijaiona. Zinatambulika na Linux na FreeBSD, ni rahisi kuzipata, na kwa kazi hii ningeziacha.

Sasa utajuaje kwamba namba zimefika salama? Usitegemee masikio. DAT ya kawaida ina biti 16 kwa sampuli. Ukirekodi kwa S32_LE, kila sampuli inachukua baiti nne, na sampuli ya biti 16 inajaza mbili za juu tu. Zile mbili za chini lazima ziwe sifuri. S32_LE huanza na baiti za chini, kwa hiyo fungua faili mahali ambapo sauti imeshaanza:

hexdump -C -s 5000044 -n 64 kanda.wav

Ukiona mpangilio kama 00 00 3f fe 00 00 81 fe 00 00 2c fe, yaani sifuri mbili, baiti mbili zenye kitu, sifuri mbili tena, mstari baada ya mstari, basi sampuli zimefika kama zilivyotoka. Ukiona baiti zote nne zimejaa, kuna mtu kati ya deki na diski aliyegusa sauti: kidhibiti cha sauti, kigeuzi cha kasi, seva, au plughw iliyoingia bila kualikwa. Jaribio hili linachukua dakika moja, halihitaji kifaa chochote, na limeshaniambia ukweli kuhusu kadi ambazo karatasi zake zilisema vingine. Lina mpaka wake: halioni sampuli iliyorukwa mahali fulani. Kwa hilo rekodi kanda moja mara mbili, panga mianzo iwe sampuli kwa sampuli, geuza alama ya sampuli za moja (chanya iwe hasi) na uzijumlishe na za nyingine. Kikibaki kimya kamili mwanzo hadi mwisho, kadi inafuata saa. Kikibaki kimya kisha ghafla kelele, sampuli imepotea hapo hapo. Kuwa mwangalifu tu kwamba DAT yenyewe ikisoma vibaya hukisia sampuli zinazokosekana, kwa hiyo tofauti fupi inayojisahihisha inatoka kwenye kanda, wakati tofauti inayoanza na kuendelea bila kukoma inatoka kwenye saa.

Usijaribu uhakiki huu kwa kuunganisha tundu la kutoa la kadi na tundu lake la kuingiza huku umechagua saa ya S/PDIF. Kadi itakuwa inafuata saa yake yenyewe inayozunguka, na haitatulia. Kwa mzunguko wa namna hiyo, saa iwe ya ndani.

Kuhusu kadi zenyewe. Kama kompyuta zako zina nafasi ya PCI Express na pesa inaruhusu, RME HDSPe AIO ndiyo ningeitaja kwanza, kwa sababu inakaa pande zote mbili: Linux ina draiva ya snd-hdspm na FreeBSD ina snd_hdspe. Ina koaksia, optiki na AES, inakuonyesha kama ishara imeshikwa, na kwenye FreeBSD hali ya saa unaisoma na kuipanga kwa sysctl (amri ya mipangilio ya kerneli) chini ya dev.hdspe.0, kama clock_preference na sync_status. Ni kadi ambayo draiva yake imeandikwa na watu wanaojua kwa nini saa ni muhimu.

Kama bado una bodi yenye PCI ya kawaida, M-Audio Audiophile 2496 na ndugu zake wenye chipu ya Envy24 ni kazi nzuri sana ya wakati wake. Draiva ni snd-ice1712, na kidhibiti unachokitaka kinaitwa Multi Track Internal Clock. Mojawapo ya machaguo yake ni IEC958 Input. Kuna programu ya envy24control inayokionyesha kwa dirisha. Usishtuke kuona kadi ndogo ikijitangaza kuwa na chaneli 12 za kurekodi: chipu imepangwa hivyo, na S/PDIF imo kwenye chaneli za mwishomwisho, kabla ya mbili za miksa ya ndani. Delta 44 ya familia hiyo hiyo haina S/PDIF kabisa, kwa hiyo soma jina lote.

Kadi za bei ya chini zenye CMI8738 nazo zinaweza kazi hii kwa 44.1 na 48 kHz. S/PDIF yao ni kifaa cha pekee, hw:0,2, na amixer ina safu ya vidhibiti vinavyoanza na IEC958 In. Kwa kadi zenye CMI8788 na draiva ya snd-oxygen, jaribu hw:0,1.

Upande wa USB, tafuta mambo mawili kwa pamoja: kadi inayofuata kiwango cha USB Audio bila draiva ya mtengenezaji, na njia ya kuchagua saa bila programu yake. Fireface UCX na Babyface za RME zina hali ya kufuata kiwango, na UCX inadhibitiwa kwenye kifaa chenyewe, upande wa mbele. MOTU za familia ya AVB zinadhibitiwa kwa kivinjari, kwa hiyo mfumo wako haujalishi. Focusrite Scarlett kubwa zenye S/PDIF zina sehemu yao maalumu ndani ya kerneli ya Linux, hivyo vidhibiti vyao huonekana kwenye alsamixer. Kwa hizo tumia kerneli mpya kadiri uwezavyo. Hayo ya Scarlett hayahamii FreeBSD, kwa sababu sehemu hiyo ni ya Linux.

Na bodi kuu yenyewe? Chipu kadhaa za Realtek zina mlango wa S/PDIF ndani, hata pale mtengenezaji wa bodi alipoacha kuuwekea tundu. Soma /proc/asound/card0/codec#0 na utafute pini ya SPDIF In. Ikiwepo na imeandikwa kuwa haijaunganishwa, hdajackretask inaweza kuilazimisha ionekane. Ni njia ya mtu mwenye subira na chuma cha kulehemu. Kadi ya picha yenye HDMI haitakusaidia: HDMI yake ni ya kutoa tu.

Kwenye FreeBSD kuna mazoea mawili tu ya kubadilisha. Orodha ya vifaa ipo kwenye /dev/sndstat, na badala ya hw ya ALSA unaweka:

sysctl dev.pcm.0.bitperfect=1

ili kerneli isigeuze kasi wala kugusa sauti. Bila hiyo, FreeBSD inageuza kimyakimya. Na kama siku moja utaihamishia kazi hii OpenBSD, kumbuka kwamba mfumo huo kwa makusudi hurekodi sifuri tupu mpaka uweke kern.audio.record=1. Mtu asiyelijua hilo anaweza kubadilisha kadi tatu bure.

Kabla ya kununua, basi, pakua mwongozo wa kadi kwenye tovuti ya mtengenezaji na usome ukurasa unaozungumzia saa. Kama unasema “chagua kwenye programu yetu” bila kutaja kitufe, tahadhari. Kisha tafuta jina la chipu au namba ya USB, na uliangalie kwenye msimbo wa kerneli, chini ya sound/pci au sound/usb. Huhitaji kujua kuandika programu: tafuta neno IEC958 au clock ndani ya faili la draiva hiyo, na uone kama kuna vidhibiti vya kuingiza au vya kutoa tu. Mwenye kadi tayari anaweza kukutumia matokeo ya amixer contents na stream0. Karatasi hizo mbili zina thamani kuliko maoni ya wanunuzi mia wanaosema “inafanya kazi”, kwa sababu wengi wao hawajawahi kuchomeka kitu kwenye tundu lile.

Umeuliza pia, kwa mstari mmoja, kuhusu kinga ya kunakili. S/PDIF hubeba biti inayosema kama nakala inaruhusiwa, na virekodi vya nyumbani vya zamani viliitii. ALSA hupokea sampuli bila kukuzuia kwa sababu ya biti hiyo.

Biti ninayokuomba uiangalie ni nyingine: ya emfasisi. Baadhi ya rekodi za miaka ya 1980, kwenye CD na kwenye DAT, zilipandishwa sauti kali za juu kwa makusudi wakati wa kurekodi, na deki huzishusha upande wa analogi baada ya kusoma alama. Upande wa dijitali hutoka vilevile bila kushushwa, na WAV haina mahali pa kuihifadhi alama hiyo. Kama deki yako inawasha taa au neno EMPHASIS, liandike kwenye jina la faili papo hapo. Hifadhi faili ghafi kama lilivyo, na nakala ya kusikiliza uipitishe hivi:

sox kanda-emfasisi.wav kusikiliza.wav deemph